Kiwango cha laini

Kiwango cha laini ni nguvu ya mawimbi ya umeme yanayobeba sauti kutoka chombo kimoja kwenda kingine, kwa mfano kutoka simu, redio au bodi ya maikrokontrola kwenda mikisa au amplifaya. Ni kikubwa kuliko kiwango cha maikrofoni, lakini hakitoshi kuendesha spika moja kwa moja.

Viwango viwili

Vyombo vya nyumbani hutumia takriban volti 0.316 (−10 dBV), na vyombo vya kitaalamu takriban volti 1.23 (+4 dBu), yaani karibu mara nne. Kwa sababu hiyo bodi nzima isiyo na kasoro inaweza kusikika hafifu kwenye mikisa ya ukumbi au kanisa, iwe ni Njombe, Makambako au kwingineko.

Sababu za sauti hafifu

* Programu: kwenye bodi ya sauti ya Teensy, yenye chipu ya SGTL5000, amri volume() hubadilisha sauti ya hedifoni tu. Sauti ya laini hupangwa kwa lineOutLevel(). Bila kubadilishwa, hutoa volti 1.29 kutoka kilele hadi kilele. Ikiwekwa 13 hutoa volti 3.16.
* Mzigo: tundu la laini hutarajia ukinzani wa omu 10,000 hivi. Hedifoni ya omu 32 hushusha volti.
* Waya: waya wa stereo ukichomekwa kwenye tundu moja la mikisa linalopokea tofauti ya nyaya mbili, sauti iliyo sawa kushoto na kulia hujifuta, na mara nyingi uimbaji ndio hupotea.

Kutafuta kasoro

Kwanza simu huchomekwa kwa waya uleule kwenye tundu lilelile. Nayo ikisikika hafifu, kasoro iko kwenye waya au mikisa. Ikisikika vizuri, bodi huchezeshwa mlio wa Hezi 100 na volti za AC hupimwa kwa multimita. Multimita ya bei nafuu ambayo kipimo chake kidogo cha AC ni volti 200 haisomi vizuri volti ndogo kama hizi.

Kuongeza sauti kwenye mikisa ni hatua ya mwisho, kwa kuwa huongeza pia mvumo uliokwisha kuingia njiani. Sauti ikipandishwa kwenye bodi yenyewe, mvumo huo haupandi nayo. Ikipandishwa kupita kiasi, hata hivyo, vilele vya mawimbi hukatwa na sauti hukwaruza.