Kanari na mshigi-milia: uzazi katika tundu moja

Kanari (Serinus canaria), chiriku ambaye asili yake ni visiwa vya Kanari, Azori na Madeira, na mshigi-milia (Taeniopygia castanotis), ndege mdogo wa nyanda kavu za Australia, mara nyingi hufugwa pamoja kwa kuwa wote hula mbegu, ingawa uzazi wao hutofautiana sana. Kanari huanza kutaga mchana unapozidi kurefuka, na jike, akiisha kufuma kiota kilicho wazi kama kikombe, huatamia peke yake mayai 3 hadi 5 kwa siku 13 au 14, huku dume akimlisha mdomoni. Mshigi-milia, ambaye porini hufuata mvua, akiwa tunduni huzaa karibu majira yoyote. Kiota chake hufunikwa juu, na dume na jike hupokezana kuatamia.

Ugomvi huzuka hasa juu ya vifaa vya kujengea. Mshigi, pamoja na udogo wake, ni msumbufu kuliko anavyoonekana: huchomoa nyuzi katika kiota cha kanari ilhali jike ameyalalia mayai, humnyonyoa manyoya, na pengine hurundika nyasi juu ya mayai yenyewe hadi yakaachwa. Hawazai chotara, kwani ni wa familia mbili, Fringillidae na Estrildidae. Tundu kubwa lenye viota vya ziada hupunguza ugomvi bila kuumaliza. Kwa hiyo kanari anayetarajiwa kulea makinda hutengewa tundu lake.