Penélope: Jina la Mfumaji au la Bata?

Tunapofundisha kauli ya kutendua, mifano yetu huwa ileile: funga na fungua, ziba na zibua. Katika toleo hili tunaleta mingine, fuma na fumua, kwa kuwa vitenzi hivyo viwili vimebeba habari ya jina moja la kike la Kihispania, Penélope.

Asili yake ni Ugiriki ya kale. Katika utenzi wa Homer uitwao Odisei, Penelope ni mke wa Odysseus, mfalme wa kisiwa cha Ithaca, ambaye hakuonekana kwao kwa miaka 20: kumi vitani Troya, kumi njiani. Waposaji 108 wakajaa nyumbani, wakila mifugo ya mwenye mji na kumshurutisha bibi achague mume. Akawaambia wangoje amalize kufuma sanda ya baba mkwe wake, mzee Laertes. Mchana alifuma, usiku, kwa mwanga wa mienge, alifumua. Hila hiyo ilidumu miaka mitatu, hadi mjakazi mmoja alipoitoboa siri.

Ndiyo maana wengi hulihusisha jina hili na neno la Kigiriki pene, yaani uzi wa mshindio. Wengine hulitoa kwenye penelops, aina ya bata wa majini. Ipo hata hadithi ya kale kwamba alipokuwa mtoto alitupwa baharini, na ndege hao wakamwokoa. Sisi tunaelekea kwa bata. Maelezo ya uzi yanaafikiana na kisa mno, kana kwamba yalitungwa baada yake, ilhali penelops linakaribiana na jina lenyewe takriban herufi kwa herufi.

Na matamshi je? Mgiriki wa kale aliweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, PeneLOpe, kama Mswahili atakavyofanya bila kufundishwa! Wahispania walilipokea kupitia Kilatini, ambacho kiliurudisha mkazo nyuma kwa sababu o hiyo ni fupi. Ndiyo asili ya ile alama juu ya e ya pili.

Huko Hispania jina lilipata uhai mpya mwaka 1969, Joan Manuel Serrat alipoimba "Penélope", muziki ukiwa wa Augusto Algueró. Mwigizaji Penélope Cruz, aliyezaliwa mwaka 1974 karibu na Madrid, alipewa jina kutokana na wimbo huo. Yaani wazazi hawakulichota kwa Homer moja kwa moja, tena wimbo wenyewe unampindua Homer. Katika Odisei, Penelope anamjaribu mgeni kwa siri ya kitanda kilichojengwa juu ya shina la mzeituni, na hapo anamtambua mumewe. Kwa Serrat, mwanamke ameketi kwenye benchi la stesheni ya treni akimngoja mpenzi wake. Anaporudi, miaka imekwishapita. Anamtazama, kisha anamwambia kwamba siye anayemngoja, na anabaki palepale kwenye benchi.