Ramani za kale na ensaiklopidia ya mtandaoni: jinsi wakutubi wanavyorekebisha habari za vijiji vyetu

Ukiandika neno "Magindu" kwenye simu, utaletewa majibu mafupi. Kwamba ni kata ya Wilaya ya Kibaha Vijijini, mkoa wa Pwani. Maandishi mengine, hasa ya zamani, yataiweka Magindu katika Wilaya ya Kisarawe. Mtoto wa shule anayetafuta habari za kwao anabaki na maswali: Magindu iko wapi hasa? Ilikuwapo tangu lini? Vijiji ambavyo wazee wanavitaja viko wapi?

Katika makala hii tunaeleza kazi moja inayofanywa na wakutubi, yaani wafanyakazi wa maktaba, katika Afrika na nje ya Afrika: kuchukua ramani za zamani zilizohifadhiwa makabatini na kuzitumia kusahihisha na kujaza makala za ensaiklopidia ya mtandaoni. Tunaeleza pia mipaka ya kazi hiyo, kwa sababu jambo lolote linalogusa ramani linagusa ardhi.

Ensaiklopidia inayoandikwa na wasomaji

Wikipedia ni ensaiklopidia ya mtandaoni inayosomwa bure. Ile ya Kiswahili ilianza mwaka 2003. Haina ofisi ya waandishi wanaolipwa mshahara. Makala zake huandikwa na watu wa kujitolea, wakiwemo Watanzania na Wakenya. Mtu yeyote anaweza kurekebisha, lakini kwa sharti moja kubwa: kila jambo linaloandikwa liwe na chanzo kilichokwisha kuchapishwa, ambacho msomaji mwingine anaweza kukitafuta na kukikagua.

Sharti hilo ndilo linaloviumiza vijiji. Habari za mji mkubwa zimeandikwa vitabuni na magazetini. Habari za kijiji zimo vichwani mwa wazee. Ndiyo maana makala nyingi za kata zetu zina mistari michache tu: jina, wilaya, mkoa na idadi ya watu kutokana na sensa.

Hapo ndipo mkutubi anapoingia. Kazi yake ya kila siku ni kujua chanzo kipi kiko rafu gani. Mwaka 2016 ilianzishwa kampeni iitwayo #1Lib1Ref, inayomwomba kila mkutubi duniani aongeze angalau chanzo kimoja kwenye makala moja. Mei 2020, umoja wa maktaba za Afrika uitwao AfLIA, wenye makao yake Accra, Ghana, uliandaa Wiki ya Wakutubi wa Afrika kwa lengo hilo hilo. Na chanzo kimoja ambacho maktaba zinacho na watu wa kawaida hawana ni ramani.

Ramani zipi zinazotuhusu?

Kwa eneo letu kuna makundi makubwa matatu.

La kwanza ni ramani za Wajerumani. Wakati wa utawala wao walichapisha Berlin ramani ya koloni lote kwa karatasi nyingi, kwa kipimio cha 1:300,000. Maana yake, sentimita moja ya karatasi ni kilomita tatu za ardhi. Wachoraji wanaotajwa zaidi ni Paul Sprigade na Max Moisel.

La pili ni ramani za kijeshi za Waingereza. Maktaba ya Uingereza, British Library, ina mkusanyo wa Ofisi ya Vita kuhusu Afrika Mashariki wa kati ya mwaka 1890 na 1940. Mamia ya karatasi hizo, nyingi zikihusu Kenya, Uganda na maeneo jirani, zimepigwa picha na kuwekwa mtandaoni, pamoja na nakala kwenye Wikimedia Commons, ghala la picha linaloihudumia Wikipedia. Faida ya kuwa na nakala zaidi ya moja ilionekana Oktoba 2023, wahalifu wa mtandaoni walipoivamia mifumo ya maktaba hiyo na huduma zake nyingi zikasimama kwa muda mrefu.

La tatu ni ramani za upimaji zilizotengenezwa kwa picha za ndege baada ya Vita Kuu ya Pili, kwa kipimio cha 1:50,000. Hapa sentimita moja ni nusu kilomita, na mtu anaweza kuona vijito, njia za miguu na makundi ya nyumba.

Nchini, mtafiti anaweza kuanzia Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam, Nyaraka za Taifa, au maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yenye sehemu maalumu ya mambo ya Afrika Mashariki.

Mfano wa Magindu

Tuseme mkutubi anataka kuiboresha makala ya Magindu. Atafanya nini?

Kwanza ataulizia wilaya. Eneo la Kibaha la leo zamani lilikuwa ndani ya Kisarawe, na Kisarawe nayo ni sehemu ya nchi ambayo Wajerumani waliiandika "Usaramo", yaani Uzaramo. Kwa hiyo chanzo cha zamani kinachosema Kisarawe na chanzo cha leo kinachosema Kibaha vyote viwili vinaweza kuwa sahihi, kila kimoja kwa wakati wake. Makala nzuri haifuti kimoja, inaeleza mabadiliko.

Pili atatafuta alama isiyohama. Magindu ina bahati, kwa kuwa Reli ya Kati inapita huko, kati ya Ruvu na Ngerengere. Ujenzi wa reli hiyo ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Kwa hiyo ramani isiyo na reli huenda ilichorwa kabla ya miaka hiyo, na yenye reli ni ya baadaye. Mto Ruvu nao unasaidia, ingawa ramani nyingi za zamani zinauita Kingani katika sehemu yake ya chini.

Tatu atailaza ramani ya kale juu ya ramani ya leo kwenye kompyuta. Anachagua alama zinazoonekana kwenye ramani zote mbili, kama daraja la reli, makutano ya mito au kilele cha kilima, na programu inazilinganisha. Kutokana na hapo anapata majiranukta, yaani namba za latitudo na longitudo za mahali. British Library ilianza kuwaita watu wa kujitolea kufanya kazi ya namna hii mwaka 2012.

Mwisho ataandika sentensi fupi kwenye makala na kuweka chanzo kamili: jina la karatasi, mchoraji, kipimio, mwaka, na maktaba inayoitunza. Kama ramani haina tena haki ya mwandishi, na nyingi zilizozidi miaka mia zimefikia hapo, picha yenyewe inaweza kuwekwa. Ramani za miaka ya 1950 na kuendelea zinahitaji kuulizia haki kwanza.

Majina yanayojificha

Anayetafuta kijiji chake kwenye ramani ya Kijerumani anaweza kukata tamaa bure. Wajerumani waliandika walivyosikia na kwa tahajia yao. Mwanza ni "Muansa", Mpwapwa ni "Mpapua", Kilimanjaro ni "Kilimandscharo". Herufi z huwa s, na j huweza kuwa dj au dsch. Kwa hiyo litamke jina kwa sauti kabla ya kusema halipo.

Kuna jambo jingine. Wapimaji wengi waliandika kijiji kwa jina la jumbe waliyemkuta. Jumbe alipofariki au watu walipohama, jina likapotea, na ramani iliyofuata ikaonyesha jina jipya pale pale. Mtu asiyejua desturi hiyo anaweza kudhani vijiji viwili vimekufa na kuzaliwa, kumbe ni watu wale wale.

Kisha kuna Operesheni Vijiji. Kati ya mwaka 1973 na 1976 mamilioni ya Watanzania walihamishiwa kwenye vijiji vilivyopangwa. Ramani ya 1:50,000 iliyotokana na picha za ndege za kabla ya hapo inaonyesha nyumba mahali ambapo leo kuna mahame tu: miembe, minazi na makaburi. Kwa familia nyingi, karatasi hiyo ndiyo maandishi pekee yanayoonyesha kwamba watu waliishi pale.

Ramani nayo inakosea

Ramani za kwanza zilichorwa na watu waliokuwa safarini. Msafiri alifuata njia ya msafara, dira mkononi na saa mfukoni, akiandika alichokiona kulia na kushoto. Ng'ambo ya kilima hakufika. Karatasi ikabaki nyeupe. Weupe huo haumaanishi kwamba pori lilikuwa halina watu. Unamaanisha mpimaji hakupita. Mkutubi makini hawezi kuandika "eneo hili halikuwa na watu" kwa sababu tu ramani iko tupu.

Hapa ndipo tunapowaomba wasikilizaji wetu wawe waangalifu. Katika maeneo mengi ya Pwani na Morogoro kuna migogoro ya mipaka, kijiji na kijiji, mkulima na mfugaji. Ni rahisi mtu kuja mkutanoni na simu, akaonyesha ramani ya mwaka 1900 na kitu, na kusema, "Mnaona? Hapa hapakuwa na mtu," au, "Hapa palikuwa petu." Ramani ya kale ni ushahidi wa historia. Makala ya Wikipedia ni muhtasari wa vyanzo. Hakuna hata kimoja kati ya viwili hivyo ambacho ni hati ya ardhi. Ardhi ya kijiji inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, na mpaka unathibitishwa kwa cheti cha ardhi ya kijiji na ramani iliyopimwa na kuidhinishwa. Ukiwa na shaka, anzia kwa mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, kisha ofisi ya ardhi ya wilaya.

Wewe unaweza kufanya nini?

Soma makala ya kata yako. Ukiona kosa, kila makala ina ukurasa wa majadiliano. Andika hapo kosa ni lipi na chanzo chako ni kipi. Kujisajili ni bure, ingawa bando ni lako.

Simulizi ya mzee haiwezi kuwekwa kwenye ensaiklopidia moja kwa moja, kwa kuwa haijachapishwa. Lakini isiachwe ipotee. Mrekodi kwa simu, kwa ridhaa yake, akitaja majina ya mahame, visima na njia za zamani. Mwalimu, mkutubi au mtafiti akiichapisha, itakuwa chanzo. Na mkutubi mwenye ramani ya kale mezani anamhitaji sana mzee huyo, kwa sababu ni yeye anayeweza kulisoma jina lililoharibiwa na tahajia ya kigeni na kusema: "Hapa ndipo palipokuwa pa babu yetu."