Uhakiki na Udhibiti katika Uingizaji wa Data

Katika tafsiri za mambo ya kompyuta, neno "uthibitishaji" limetwishwa mizigo miwili, nasi twaona kuwa historia ya kazi yenyewe yaitenganisha.

Enzi za kadi za kutobolewa, karani wa pili aliipiga upya kila kadi katika mashine maalumu, nayo mashine ikalinganisha mapigo yake na matundu yaliyokwisha kutobolewa. Huo ulikuwa uhakiki: je, kilichoingizwa ndicho kilichomo katika fomu? Programu ya lahajedwali ya VisiCalc, iliyotolewa mwaka 1979, iliiweka kazi yote mikononi mwa mtu mmoja. Baadaye Excel 97 ikamwezesha mwandaaji wa jedwali kuiwekea seli sharti: umri uwe namba kamili kati ya 0 na 120, au mkoa uchaguliwe katika orodha. Sharti hilo hukataa 340. Lakini mwenye miaka 34 akiandikwa 43, hupita bila kuulizwa. (Tena anayenakili na kubandika hulikwepa kabisa.)

Kazi hii ya pili twapendekeza iitwe "udhibiti". "Uhalalishaji" lina harufu ya mahakamani. Mfasiri wa mwongozo wa makarani akiyachanganya maneno haya, karani ataamini kwamba mashine imekwisha kumlinganishia fomu.