Biogesi ya mkonge
Biogesi ya mkonge huzalishwa kwa kuchachusha masalia ya jani pasipo hewa. Singa zinazotoka kwenye korona, yaani mashine ya kuchuna majani ya mkonge, ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Makapi na maji machafu yaliyobaki yalizoeleka kutupwa au kumwagwa mitoni. Mwishoni mwa miaka ya 2000, kiwanda cha majaribio cha Hale, mkoani Tanga, kilianza kuyageuza kuwa umeme. Wapo wanaopinga wakisema kwamba mtambo wa biogesi ni ghali kuliko kumwaga taka. Ni kweli, lakini kumwaga kunaonekana rahisi kwa sababu hasara yake hubebwa na watumiaji wa mto. Mwenye shamba akitozwa kwa uchafuzi wake, hesabu hubadilika, hasa kwa kuwa korona zenyewe zinahitaji umeme.