Bagika na Bagalu: Ushindani wa Ngoma Usukumani

Bagika na Bagalu ndizo jamii mbili kubwa za ngoma za Wasukuma, na ushindani wao ulianza karne ya 19. Masimulizi yanawataja Ngika na Gumha, mafundi wa ngoma waliokuwa pia waganga, ambao walibishana nani ana dawa kali zaidi. Wakakubaliana kumaliza ubishi uwanjani: kila mmoja acheze ngoma yake, watu waamue. Ubishi haukuisha. Wafuasi wa Ngika wakawa Bagika, wa Gumha wakawa Bagalu, na kutoka Shinyanga hadi kandokando ya Ziwa Victoria watu wakagawanyika kama leo wanavyogawanywa na Simba na Yanga.

Msimu wake ni kiangazi, kuanzia Juni, mavuno yakishaingia ghalani. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni lile lililozungukwa na watu wengi zaidi. Hakuna jopo wala alama. Mtazamaji aliyechoka huvuka tu kwenda upande wa pili. Kundi linaloona watu wanapungua hutoa lilichokificha. Mchezaji hujitokeza na chatu shingoni, au jembe hurushwa juu, likazunguka hewani na kudakwa kwa mpini bila mdundo kupotea. Ipo pia samba, dawa ya kuvuta watu, ingawa chatu peke yake angetosha.

Uchezaji wa majembe, bugobogobo, ulitoka shambani. Vijana walilima kwa pamoja katika vikundi vya elika, chini ya kiongozi wao nsumba ntale, ngoma ikiwapigia mwendo. Wakulima walipohamia Geita kutafuta ardhi, hasa baada ya Vita Kuu ya Pili, ngoma zilihama nao.

Nguzo ya kundi ni ningi, mtunzi na mwimbaji kiongozi. Wimbo wa mwaka jana hauvuti mtu, hivyo kila msimu humlazimu kutunga upya: kuwakejeli wapinzani, kujisifu, kusimulia yaliyotokea. Ndiyo maana nyimbo hizi ni kumbukumbu nzuri kuliko majalada mengi ya serikali. Zimeimba safari za wapagazi kwenda pwani, kisha pamba na ushirika wa wakulima wake, VFCU, ulioanzishwa 1955, ukiongozwa na Paul Bomani. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 zikaimba TANU na ujamaa.

Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi muziki wa Wasukuma mwaka 1950, lakini sehemu kubwa ya tungo hizo haikuwahi kufika kwenye santuri. Hata bendi za dansi za Tanzania za miaka ya 1970 zilitegemea studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, na santuri zao zilichapwa Nairobi. Ningi alitegemea vichwa vya wafuasi wake, na wimbo ulioshindwa kuvuta watu ulisahaulika upesi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, walipoanza kupambana na wezi wa ng'ombe huko Kahama na Shinyanga, baningi waliwatungia nyimbo. Huko Bujora, karibu na Mwanza, ambako Padri David Clement wa White Fathers alianzisha makumbusho ya Wasukuma, Bagika na Bagalu hukutana kila mwaka kwenye sikukuu ya Bulabo, wakati wa sherehe ya Ekaristi Takatifu.