Kinachotiririka Baada ya Tiba

Mvua inayonyesha Ikinga, wilayani Ileje, haikai mlimani. Maji ya wilaya hii kwa sehemu kubwa hushuka hadi Mto Songwe, ule wa mpakani na Malawi (upo Songwe mwingine uendao Ziwa Rukwa, na wageni huichanganya kila siku), kisha huingia Ziwa Nyasa kupitia Kyela. Chochote kinachomwagwa huku juu kina wanywaji wake huko chini, katika nchi mbili. Hospitali na zahanati nazo humwaga.

Tangu lini binadamu aliogopa maji ya wagonjwa? Kwetu hofu hiyo ilifunzwa na kipindupindu. Wimbi la 1869 lilipita nchi ya Wamasai, likashukia Pangani, likavuka hadi Unguja na kuua maelfu. Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu watu kisiwani, alifuatilia njia zake kwa kuzifuata njia za misafara, na mwaka 1876 akachapisha kitabu juu yake. Kijidudu chenyewe hakukijua. Robert Koch alikibainisha miaka ya 1883 na 1884, alipokuwa Misri na India. Baada ya hapo adui alikuwa na jina, na wahandisi wakajua wanapigana na nani. Mwaka 1914 Edward Ardern na William Lockett walionyesha huko Manchester kwamba majitaka yakipulizwa hewa, bakteria wenyewe hula uchafu, na tope lao likirudishwa hufanya kazi hiyo upesi zaidi.

Njia hiyo inataka umeme usiokatika na fundi asiyeondoka. Iliyotufaa sisi ilikomazwa jirani kabisa, ng'ambo ya Tunduma: Gerrit Marais, mhandisi aliyefanya kazi Lusaka, alichapisha mwaka 1966 mahesabu ya mabwawa ya kutibu majitaka. La kwanza lina kina kirefu na halina hewa, tope hutuama humo. La pili lina mwani. Ya mwisho ni mapana na hayana kina, na hapo jua hufanya mauaji: miale yake, pamoja na mwani unaopunguza tindikali ya maji, huangamiza vijidudu vya choo. Hakuna pampu wala klorini. Miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Mbwette na Katima, waliongeza ardhioevu za kutengenezwa, vitanda vya kokoto vilivyopandwa matete na mafunjo. Kwa maoni yangu huu ni uhandisi wa heshima, hata kama hauna cha kuzinduliwa kwa utepe.

Lakini adui wa pili, dawa zenyewe, alikuwa ameshaingia kwa mlango wa mbele. Alexander Fleming aligundua penisilini mwaka 1928, na alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1945 aliwaonya watu kwamba dozi pungufu itawafundisha vijidudu kuizoea. Hakusema lolote juu ya choo. Ukimeza amoksilini, zaidi ya nusu yake hutoka kwenye mkojo ikiwa bado dawa, ndani ya saa chache. Wodi nzima ikifanya hivyo kila siku, karo linakuwa mahali ambapo bakteria wa wagonjwa hukutana na dawa kidogo kidogo, na huko ndiko usugu hupata shule. Jijini Nairobi na Kisumu watafiti wamekuta mtoni na kwenye majitaka paracetamol, sulfamethoxazole iliyomo ndani ya Septrin, na nevirapine ya kufubaza VVU. Ukiyasoma matokeo hayo, unaona ramani ya yale tunayougua.

Kila dawa ina tabia yake. Paracetamol huliwa na bakteria bila taabu. Carbamazepine ya kifafa hupita bwawani kama haikuguswa. Uswisi imeamua kuiandama hiyo: mtambo wa Dübendorf ulianza mwaka 2014 kupuliza ozoni, na sheria ikafuata mwaka 2016. Mitambo mingine hutumia mkaa ulioamilishwa, ambao hunasa dawa kwenye vitundu vyake. Ni kazi safi, na ghali.

Je, Ileje tuagize ozoni? Hapana, si sasa. Kanuni zetu za ubora wa maji za 2007 zinataka majitaka yakiachiliwa yasizidi miligramu 30 za uchafu unaokula oksijeni kwa lita, na kolifomu 10,000 kwa mililita 100. Mabaki ya dawa hayana mstari wake. Kanuni hizo zimeandikwa kwa ajili ya adui wa Koch, na huyo bado anaua: kipindupindu kilichoanza Malawi mwaka 2022 kiliondoka na watu zaidi ya 1,700. Kwa hospitali ya vilimani, bwawa lenye muda wa kutosha juani, tope lake likitolewa kabla halijajaa, na kitanda cha matete mwishoni, vinashinda mtambo uliosimama kwa kukosa kipuri. Dawa iliyokwisha muda isimiminwe sinkini, irudishwe ikateketezwe kwa utaratibu wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Antibaiotiki ipewe anayeihitaji tu, kwa kuwa dawa ambayo haikumezwa haihitaji kuchujwa. Mstari wa dawa uongezwe kwenye kanuni, hata kama mwanzoni utaagiza kupima tu, na upimaji uanze pale Songwe unapoingia ziwani, nchi mbili zikitumia chupa moja.